Mpiganaji wa D&D: jeshi, ngome na panga zake zilienda wapi? (Uzi mrefu)

Upanga Butu

Wakuu, salaam.

Kila ikitajwa D&D humu ndani lazima atokee mtu wa kusema mpiganaji anachosha. Mchawi anaruka, anapenya ukuta, anasoma mawazo ya mfalme. Mpiganaji anasema "nampiga upanga", anarusha dadu, anakaa kusubiri zamu. Kwa matoleo mengi ni kweli tupu. Ninachokataa ni maneno yanayofuata, eti ndivyo alivyoumbwa. Mpiganaji aliumbwa na jeshi, ngome, kodi za wananchi na panga za maajabu ambazo mwingine hakuruhusiwa kuzigusa. Alivuliwa kimoja baada ya kingine, na karibu kila toleo tangu mwaka 2000 limekuwa likimlipa fidia kwa namna yake. Nitashusha kwa vipande, mnivumilie.

Kwa mgeni wa mambo haya: D&D, yaani Dungeons & Dragons, ni mchezo wa mezani. Watu wachache wanakaa pamoja, au wanakutana kwa intaneti. Mmoja anakuwa refa: anasimulia dunia na kuwaendesha maadui. Waliobaki kila mtu ana mhusika wake, na mhusika ana fani: mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi na kadhalika. Jambo lenye mashaka linaamuliwa kwa dadu, mara nyingi ya pande 20. Mhusika akipata uzoefu anapanda ngazi. Hayo yanatosha kufuatilia.

Turudi 1971. Gary Gygax wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, na mwenzake Jeff Perren walitoa Chainmail, kijitabu cha kanuni za kupiganisha vikosi vya visanamu vya enzi za mashujaa wa deraya. Kisanamu kimoja kilihesabiwa kuwa askari 20. Mwishoni mwa kijitabu waliweka nyongeza ya mambo ya kufikirika, majoka na mazimwi na wachawi, na humo ndimo alimozaliwa mpiganaji wetu, kwa jina la Hero. Sifa zake ni chache mno: anapigana kama wanne, na hafi mpaka apigwe mapigo manne ya kuua kwa mkupuo mmoja. Aliye juu yake, Superhero, ni mara mbili yake.

Mchawi wa kanuni zile ni silaha nzito. Mpira wake wa moto ulipimwa sawa na pigo la manati kubwa ya vita. Mpiganaji ni kikosi kizima ndani ya ngozi ya mtu mmoja. Hakuna aliyemwonea wivu mwenzake, kwa sababu uwanja wa vita unahitaji vyote viwili.

Dave Arneson, kule Minnesota, akazichukua kanuni hizo na kuziingiza kwenye mchezo wake wa Blackmoor. Kule kwao tayari walishaonjeshwa na David Wesely, mwaka 1969, mchezo wa Braunstein ambamo kila mchezaji alishika mtu mmoja badala ya jeshi. Arneson alisimulia baadaye kwamba wachezaji walikuwa wameshamzoea mtu wao na hawakutaka afe kwa pigo moja, ndipo akaazima mtindo wa kanuni za vita vya manowari: pigo linapunguza uhai, halizamishi papo hapo.

1974 D&D ikatoka, vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 kwa kuanzia. Fani zilikuwa tatu tu, na mpiganaji ndiye wa kwanza kuorodheshwa. Ngazi zilikuwa na majina: ya nne ni Hero, ya nane ni Superhero. Yaani hesabu ya Chainmail ilihamia mzimamzima, ngazi nne watu wanne, ngazi nane watu wanane.

Naendelea.

Kete Ishirini

Nimeshapiga kambi hapa, nimeleta na kahawa. Ila mkuu, vijitabu vya 1974 nimevisoma. Kwenye karatasi ya mpiganaji hakuna kitu. Silaha zote zinaumiza sawa, dadu moja ya pande sita, uwe na kisu uwe na shoka la mikono miwili. Hayo maajabu unayoyasema yako ukurasa gani?

Upanga Butu

Hayapo kwenye karatasi yake, mkuu, na hilo ndilo jambo lenyewe. Yametawanyika kitabu kizima.

Fungua sehemu ya hazina. Panga za uchawi ni za mpiganaji peke yake. Kasisi haruhusiwi silaha yenye makali, mchawi anaishia kwenye jambia. Na panga zenyewe si chuma tu: nyingine zina akili, zinazungumza, zinanusa milango ya siri na kuhisi hatari. Mchezaji wa mpiganaji akiokota upanga wa namna hiyo kapata na fungu la uwezo ambao mchawi mwenyewe angeutamani.

Halafu fungua ngazi ya tisa. Hapo anaitwa Lord, anajenga ngome, anatawala eneo. Kufikia AD&D (Advanced D&D, toleo lililopanuliwa) ya 1978 mambo yameandikwa kwa senti: kila mkazi wa himaya yake anamwingizia vipande saba vya fedha kwa mwezi, kutokana na biashara, ushuru na kodi. Kitabu cha refa cha 1979 kina jedwali la kurushia dadu kujua ni askari gani watamiminika kujiunga naye na nani atawaongoza. Kasisi naye alipata wafuasi wake, sikatai, na mchawi aliweza kujenga mnara. Lakini huyu ndiye aliyekuwa mtawala wa nchi. Mchawi wa ngazi hiyo ni mshauri wa mtu mkubwa, na mtu mkubwa mwenyewe ndiye huyu unayesema hana kitu.

Tatu, ugumu wake. Mpiganaji wa ngazi ya 17 katika AD&D alihitaji kupata 6 au zaidi kwenye dadu ya 20 ili uchawi usimpate. Unamrogaje mtu huyo? Na nne, viumbe dhaifu, vile vyenye uhai chini ya dadu moja, alivifyeka kwa idadi ya ngazi yake kila mzunguko. Ngazi kumi, mapigo kumi. Kikosi ndani ya mtu mmoja bado kilikuwepo.

Mmomonyoko ulianza mapema, 1975, na nyongeza iliyoitwa Greyhawk. Juu juu ilimpendelea: silaha zikatofautishwa makali, na mpiganaji mwenye nguvu 18 (sifa za mhusika hurushiwa dadu tatu, kwa hiyo 18 ndiyo mwisho) akaruhusiwa kurusha dadu za asilimia kutafuta ile 18/00 maarufu, nguvu za juu kabisa. Lakini humo humo akaingia mwizi. Kabla ya mwizi, kunyata, kupanda ukuta na kutegua mitego vilikuwa vya yeyote mwenye akili ya kumweleza refa anafanyaje. Mara vikaandikwa kwa jina la mtu mmoja, na hesabu juu. Toka siku hiyo mpiganaji akitaka kunyata, meza nzima inamgeukia: hiyo si kazi yako.

Humo humo pia akaja paladini, shujaa wa dini, akidai haiba ya 17. Kwa dadu tatu, nafasi ya kupata 17 au 18 ni 4 kati ya 216, kwa hiyo hakuwa wa kila mtu. Na mwaka huo huo jarida la The Strategic Review likachapa renja wa Joe Fischer, ambaye yeyote aliyesoma Tolkien, mtunzi wa The Lord of the Rings, alimtambua: huyu ni Aragorn. Mtindo ukawa huo. Kila shujaa wa vitabuni mwenye ladha anamegwa kutoka kwa mpiganaji na kupewa fani yake. Paladini kachukua imani, renja kachukua pori. Kilichobaki ndicho kikaendelea kuitwa mpiganaji.

Mama Joka

Upanga Butu umeandika vizuri kaka, ila hapo kwenye 18/00 usipite kwa kasi hivyo. Kitabu cha 1978 kiliweka kikomo kwa mpiganaji mwanamke: binadamu wa kike anaishia 18/50. Kwenye mchezo wa majoka! Mtu anakubali mjusi wa tani kadhaa apeperuke na kutema moto, halafu anashindwa kuamini mwanamke mwenye misuli. Kikomo kikaondolewa toleo la pili, 1989.

Pia mmesahau boksi jekundu la 1983, la Frank Mentzer. Wengi walioanza enzi hizo fani yao ya kwanza maishani ilikuwa mpiganaji bila kuchagua, maana kitabu kinakuanzishia hadithi ya kucheza peke yako na wewe ndiye mpiganaji. Unakutana na kasisi Aleena, anakusaidia, unampenda, halafu yule mchawi Bargle anamuua mbele yako. Mpaka leo watu wazima wana kisasi na Bargle. Sasa niambie nani alikuwa anachoka.

Upanga Butu

Dada yangu Bargle namdai hata mimi. Na ni kweli kuhusu 18/50, wala haina utetezi.

Hilo la boksi jekundu lina upande wake wa pili lakini. Ndipo mpiganaji alipozoeleka kuwa fani ya anayejifunza, na sifa hiyo haijamtoka.

Miaka ya themanini nitaikata. Gygax alichapa barbariani kwenye jarida la Dragon 1982, kisha akamweka kitabuni, Unearthed Arcana ya 1985. Ni Conan, yule shujaa wa vitabuni, bila kificho: dadu ya uhai ya pande 12, anauchukia uchawi kiasi kwamba anapata uzoefu kwa kuvunja vitu vya uchawi. Fikirini mko safarini, mchawi wenu kapata fimbo ya thamani, na mwenzenu anaitamani aipasue ili apande ngazi. Kitabu hicho kilileta na mwanafarasi wa kikabaila, kikamhamishia paladini chini yake, kikampa mpiganaji kibarua cha kubobea: chagua silaha moja, uipige vizuri na mara nyingi kuliko wengine.

Kubobea kule ndiko kulikobadilisha mwelekeo. Kabla yake mpiganaji alikuwa mtu wa silaha zote, akiokota mkuki wa maajabu anautumia, akiokota shoka sawa. Baada yake akawa "yule wa upanga mrefu". Toleo la pili likaendeleza hivyo hivyo, likawaweka mpiganaji, paladini na renja kwenye kundi moja, na vitabu vya nyongeza vikamwaga mitindo ya wapiganaji ya kila rangi. Wafuasi wa ngazi ya tisa walibaki kitabuni, ila kwa nilivyoona kampeni (hadithi ndefu za kuchezwa) zilizochapishwa wakati ule, hadithi ilishahama. Sasa ni kuokoa dunia, si kutawala wilaya. Jeshi likawa mzigo kwenye hadithi ya mashujaa wanne.

Refa wa Mezani

Sasa unakuja toleo la tatu na najua utaliponda, kwa hiyo naweka utetezi mapema. Mwaka 2000, kampuni ya Wizards of the Coast wakiwa wameshainunua TSR, kampuni iliyoanza kuichapa D&D, tangu 1997, walimpa mpiganaji kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: uchaguzi. Vipaji 11 vya ziada kufika ngazi ya 20. Unataka mtu wa minyororo anayewaangusha maadui chini? Unamjenga. Unataka mpiga upinde? Unamjenga. Nimeendesha meza za toleo la tatu kwa miaka na sijasahau furaha ya mchezaji anayekuja na karatasi yake amechora njia ya vipaji mpaka ngazi ya mwisho.

Upanga Butu

Utetezi umepokelewa, Refa, na furaha ile ya kujenga mhusika nyumbani usiku naijua. Ila hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nyumba ilipobomoka.

Angalia breki za mchawi katika matoleo ya zamani. Alihitaji uzoefu mwingi zaidi kupanda: kwenye sheria za msingi mpiganaji anafika ngazi ya pili kwa pointi 2,000, mchawi 2,500. Akipigwa akiwa katikati ya kunuiza, uchawi unapotea. Na ule ugumu wa mpiganaji niliousema ulimlinda dhidi yake. Toleo la tatu likang'oa breki zote tatu kwa nia njema kabisa, kila moja kwa hoja ya usafi wa kanuni. Jedwali la uzoefu likawa moja kwa wote. Mchawi akapewa njia ya kunuiza kwa kujihami, akishinda mrusho mmoja hakuna anayemkatiza, na anaweza pia kurudi hatua futi tano kisha akanuiza kwa raha zake.

La kujinusuru, yaani mrusho wa kukwepa uchawi usikupate, ndilo baya kuliko yote. Chukua mpiganaji wa ngazi ya 10 mwenye busara ya kawaida. Kinga yake ya nia ni +3. Mchawi wa ngazi hiyo hiyo mwenye akili 20 anamtupia uchawi wa kumtawala, wa daraja la tano. Kizuizi, namba anayotakiwa kuifikia, ni 10 jumlisha 5 ya daraja jumlisha 5 ya akili, yaani 20. Mpiganaji anahitaji 17 kwenye dadu. Mara nne kati ya tano anageuzwa kuwa silaha dhidi ya wenzake. Mzee wake wa 1978 alizidi kuwa mgumu kadiri alivyopanda. Huyu kadiri anavyopanda ndivyo anavyorahisika.

Na hata kazi yake yenyewe ya kupiga. Ngazi ya 16 ana mapigo manne, ila akisogea zaidi ya futi tano kabla ya kupiga anabaki na moja. Mtu wa vita asiyeweza kutembea na kupigana! Nje ya vita, pointi mbili za ujuzi kwa ngazi, na orodha ya ujuzi wa fani yake haina kuona wala kusikiliza. Tunaweka mlinzi langoni ambaye hakufundishwa kutazama. Kwenye majukwaa ya wakati ule ilishakuwa utani kwamba mnyama anayefuatana na mdruidi (kasisi wa pori) anapigana vizuri kuliko mpiganaji, na utani huo ulikuja na mahesabu yake.

Vile vipaji 11, Refa, ni fidia ya mtu aliyepokonywa himaya. Na vingi ni ruhusa ya kufanya mambo ambayo mwaka 1974 ungemwambia tu refa kwamba unayafanya.

Refa wa Mezani

Hapo mwisho nakupinga. "Ungemwambia tu refa" inategemea refa ni nani. Mimi ningekubali, mwenzangu angekataa, wa tatu angekuambia rusha dadu ya asilimia na upate chini ya kumi. Kipaji kilichoandikwa ni haki ya mchezaji. Hakihitaji kubembeleza mtu.

Kete Ishirini

Refa kampiga mtoa mada chini ya mkanda hapo.

Mama Joka

Refa yuko sahihi na ndiyo maana mimi ni mtu wa toleo la nne, mnipige mawe. 2008. Mpiganaji kwa mara ya kwanza ana orodha ya mbinu zenye majina kama mchawi: nyingine za kila mara, nyingine mara moja kwa pambano, nyingine mara moja kwa siku. Na ana kazi inayoeleweka, mlinzi. Anamwekea adui alama. Adui akimshambulia mwingine anapungukiwa 2, na mpiganaji akiwa jirani anamtandika kwa kumdharau. Basi ukuta wa kweli umepatikana. Miaka yote tuliambiwa mpiganaji yuko mbele kuwalinda wenzake, ila hakuna kanuni iliyomzuia zimwi kumpita na kwenda kumla mchawi. Toleo la nne ndilo lililoiandika.

Halafu jemadari! Fani nzima ya mpiganaji anayeongoza. Anapaza sauti, mwenzake aliyeanguka anainuka. Anaelekeza, mwenzake anapiga nje ya zamu. Kaka Upanga Butu unalilia jeshi lililopotea, jeshi lilirudi 2008, likawa hao wenzako watatu mezani, na watu mkalikataa.

Msomaji Kimya

Mimi ni miongoni mwa waliolikataa. Kelele zinafungaje jeraha? Mtu kakatwa mkono, jemadari anampigia ukelele, mkono umerudi.

Mama Joka

Pointi za uhai hazijawahi kuwa nyama peke yake. Gygax mwenyewe aliandika kwenye kitabu cha refa cha 1979 kwamba ni mchanganyiko wa stadi, bahati na mengine. Kama ni bahati na moyo, ukelele unatosha. Na mbona mpiganaji wa toleo la tano anajirudishia uhai kwa kuvuta pumzi, mara hii hamna maswali?

Upanga Butu

Dada Mama Joka kanizidi kwa jemadari, sikuwa nimelitazama hivyo: jeshi la watu watatu. Nalichukua.

Kilichowakera wengi, na hapa nawaelewa, ni mbinu kama ile ya ngazi ya saba ya mpiganaji, Come and Get It. Unaita, maadui wote wa jirani wanasogea wenyewe kukufuata, kisha unawafyeka. Wanakuja hata kama ni wapiga mishale wenye akili timamu. Kwanza haikuuliza chochote. Mwaka 2010 waliirekebisha ikabidi ishinde nia ya adui kwanza. Kwa mchawi hakuna aliyeuliza kwa nini adui kasogea, ni uchawi. Kwa mpiganaji kila mtu anataka maelezo ya mwili na misuli. Kipimo hicho cha "mtu wa kawaida" kinamfunga yeye peke yake, huku anapigana na joka.

Kabla ya hapo 2006 kulishakuwa na kitabu cha Nine Swords, kilicholeta fani mpya za kivita zenye shule za mapigo za kujifunza. Walikiponda kwamba ni katuni za Kijapani. Toleo la nne likaokota mengi humo.

Toleo la tano linanisikitisha zaidi kwa sababu walikaribia. Kwenye majaribio ya 2012 kila mpiganaji alipewa dadu za ustadi: unazitumia kuongeza pigo, kukinga, kusukuma, kuangusha. Kila mpiganaji. Kitabu kilipotoka 2014 dadu zile zikawa za tawi moja, Battle Master, na tawi la kwanza kabisa, Champion, likaambiwa upendeleo wako ni kupata pigo kubwa, lile la dadu za madhara maradufu, kwa 19 badala ya 20 pekee. Wakarudi kwenye imani ya boksi jekundu kwamba lazima pawe na mtu wa kucheza bila kufikiri, na kwamba mtu huyo lazima awe mpiganaji. Kwa nini asiwe mchawi? Mchawi wa kumrahisishia mgeni, anajua kurusha moto tu, haandikwi.

Sisemi ni mbovu. Ule uwezo wa kuchukua hatua ya pili kwenye zamu moja ni mtamu, na mapigo ya ngazi ya 20, manne mara mbili, ni mvua ya mawe. Ila mchawi tangu ngazi ya 17 anaomba atakalo na dunia inatii.

Mpita Njia

Mnazunguka nyumba moja tu. Tokeni nje. RuneQuest ya Steve Perrin, 1978, haina fani kabisa. Kila mtu anapigana, kila mtu ana uchawi kidogo, upanga una asilimia yake na inapanda ukiutumia. Perrin alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo wa chama kile cha Wamarekani wanaovaa deraya na kutwangana kwa marungu, SCA, ndiyo maana mchezo wake una kukinga, na pigo linatua mguuni au kichwani. Ukiondoa fani, ugomvi wenu wote unayeyuka.

Kete Ishirini

Unayeyuka na ladha inayeyuka. Mimi nataka nikikaa mezani mtu aniulize "wewe nani?" nijibu kwa neno moja.

Refa wa Mezani

Kwa anayetaka nje ya D&D na bado anataka fani, Dungeon Crawl Classics ya 2012 ndiyo imenimalizia ule mjadala wangu na mtoa mada. Mpiganaji haongezi namba isiyobadilika kwenye pigo, anaongeza dadu. Ngazi ya kwanza ni ya pande tatu. Kabla ya kurusha anatamka anachokitaka: namkata mkono wa silaha, namrushia mchanga machoni, naning'inia kwenye taa nimwangukie. Pigo likimpata na dadu ile ikisoma 3 au zaidi, limetimia. Refa hana pa kukataa na mchezaji hana orodha ya kukariri. Kadiri anavyopanda dadu inakua, basi anakuwa mtu wa maajabu taratibu.

Na Pathfinder ya pili, 2019: mpiganaji kaanza na ustadi wa silaha daraja moja juu ya fani nyingine nyingi, yaani +2. Inaonekana ndogo. Lakini kwenye mchezo huo ukivuka kinga ya adui kwa 10 ni pigo kubwa, kwa hiyo ile +2 inaongeza kupata na inaongeza mapigo makubwa pia. Kapewa ubora katika kupiga kwenyewe, bila mapambo.

Upanga Butu

Ile dadu ya tamko ndiyo kanuni ninayoipenda kuliko zote alizoandikiwa mpiganaji tangu 1974, na nashukuru umeitaja wewe ili nisionekane naipigia debe.

Namalizia na ya karibuni. Kitabu kipya cha wachezaji cha 2024 kimempa kila silaha tabia: rungu zito linaangusha, shoka kubwa linapitiliza hadi kwa adui wa pili, na mpiganaji anaanza na silaha tatu anazozimudu kwa namna hiyo wakati barbariani na wenzake wana mbili. Pia akishindwa jambo nje ya vita anaweza kutumia ile pumzi yake kuongeza dadu ya pande 10, na ikishindikana bado pumzi haipotei. Mlinzi wa lango hatimaye ameruhusiwa kutazama.

Na ngome? Kiu yake haikuisha. 2018 Matt Colville, mtunzi wa michezo ya namna hii, aliomba michango ya kitabu cha ngome na wafuasi, zikaja zaidi ya dola milioni 2. Watu wale wale wakatoa mchezo wao, Draw Steel, 2025, ambamo jemadari wa Mama Joka amerudi kwa jina la Tactician. D&D yenyewe, kitabu cha refa cha 2024, ikarudisha ngome tangu ngazi ya tano, pamoja na walinzi wa kuilinda. Ila imempa kila mtu. Mchawi anayo, mwizi anayo, hata mwimbaji anayo. Urithi wa mpiganaji umerudi umegawanywa kwa ukoo mzima.

Msomaji Kimya

Uzi mzuri. Mimi mgeni, sina pesa ya vitabu, simu tu. Nikitaka kumcheza mpiganaji nianzie wapi?

Upanga Butu

Kanuni za msingi za toleo la tano ni bure na halali. Tangu Januari 2023 ziko chini ya leseni huria, na za 2024 zilifuata mwaka uliofuata kitabu. Kanuni za Pathfinder pia ziko wazi mtandaoni. Kwa mara ya kwanza nakushauri toleo la tano, ila mwambie refa wako akuruhusu kutamka tendo kabla ya pigo kama Refa alivyoeleza.

Refa wa Mezani

Kwenye toleo la tano ukimpa dadu ya tamko na bado ana zile tabia za silaha, kila pigo litakuwa na mirusho mitatu. Ile ya kuangusha peke yake inamfanya adui ajinusuru kila anapopatwa. Mapigo mawili kwa zamu, mazimwi sita, saa moja imekwenda. Chagua moja.

Upanga Butu

Basi toa tabia za silaha, bakiza tamko.

Mama Joka

Toa tamko, bakiza tabia. Zimeandikwa.

Kete Ishirini

Msomaji Kimya njoo ujumbe wa faragha, sisi tunacheza Jumamosi usiku na tuna nafasi ya mtu mmoja. Refa wetu anaruhusu vyote na mizunguko ni mirefu kweli.